Uzi: Nahau za Kiingereza zilizozaliwa kwenye tanga na kamba, na zile zinazosingiziwa bahari

#1 Mwana wa Goshi

Wakuu, kuna kundi la nahau za Kiingereza ambazo kamusi inakupa maana yake vizuri tu, lakini ukifunga kitabu bado hujui maneno yale yamefikaje kwenye maana ile. "By and large" ni kwa jumla. Haya, "by" ni nini na "large" ni nini? "Taken aback" ni kupigwa na butwaa. Kinyumenyume kinatokea wapi? Waingereza wengi wa leo nao ukiwauliza watakuna kichwa, maana matanga kwao yamebaki ya michezo. Sisi lugha ya tanga bado ina watu wake. Anayejua demani (kamba inayoshika tanga), goshi (pembe ya mbele ya tanga), joshi (mwendo wa kuukaza upepo) na foromali (mti unaobeba tanga) ni kazi gani, nahau hizi zinamfungukia upesi.

Anza na upepo. Chukua karatasi, chora duara, weka merikebu katikati, upepo uwe unashuka kutoka juu ya karatasi. Dira ya mabaharia imegawanywa sehemu 32, kila sehemu nyuzi 11.25. Merikebu ya Kizungu ya zamani, yenye matanga ya mraba yaliyokaa kukingama juu ya milingoti, haikuweza kuukabili upepo kwa karibu zaidi ya kama sehemu 6, yaani nyuzi 67.5. Tanga la jahazi, kwa vile linakaa kufuata urefu wa chombo, linaweza kuukaribia upepo zaidi ya hapo.

Chombo kikiwa kwenye mpaka huo, kimeukaza upepo kadiri kinavyoweza, sisi tunasema kinakwenda joshi. Wao walisema kinakwenda "by the wind". Upepo ukihamia ubavuni kuelekea tezi (nyuma ya chombo), tanga likafunguliwa, chombo kinakwenda "large". Hizo ni hali mbili tofauti kabisa. Kuna merikebu inayokimbia vizuri ikisukumwa kutoka nyuma lakini ukiipeleka joshi inapotea demanini (upande upepo unakokwenda), na kuna ya kinyume chake. Inayofaa hali zote mbili ni nzuri "by and large". Samuel Sturmy, katika kitabu chake cha ubaharia cha 1669, anayatumia maneno hayo hivyohivyo: chombo kimeendeshwa katika hali njema na mbaya, "by and large". Kutoka "hali zote mbili" hadi "kwa jumla" ni hatua moja.

Sasa baki kwenye duara hilohilo. Msukani akikaza joshi kupita kiasi, au upepo ukaruka ghafla, upepo unalipiga tanga usoni badala ya mgongoni. Tanga linabandikwa kwenye mlingoti. Hapo chombo kimekuwa "taken aback". Ubaya wake: kamba nyingi zinazoushikilia mlingoti zimefungwa kuelekea pembeni na nyuma, kwa sababu kazi yake ni kuuzuia mlingoti usiangukie mbele. Msukumo ukitoka mbele, kinachozuia ni kidogo, na milingoti ya juu huweza kukatika. Chombo kinasimama, kisha kinaanza kurudi kinyumenyume, na usukani unafanya kazi kinyume: ukiuelekeza kulia, omo (mbele ya chombo) linakwenda kushoto. Kwa dakika chache hakuna aliye na amri juu ya chombo. Mtu aliyeulizwa swali asilolitarajia ndivyo anavyokuwa.

"Sail close to the wind" nayo iko palepale. Ni kukaza joshi hadi ukingoni, faida ipo ila kosa dogo tu tanga linakugeukia. Ndiyo maana husemwa juu ya mtu anayefanya mambo kwenye mpaka wa sheria bila kuuvuka, kama mfanyabiashara anayetafuta kila upenyo kwenye kanuni za kodi.

Na "leeway" ni ule mteremko wa pembeni kwenda demanini ambao kila chombo cha tanga hupata kikienda joshi. Nahodha anayepita karibu na mwamba ulio demanini lazima aache nafasi ya mteremko huo. Hapo ndipo neno likapata maana ya nafasi au uhuru wa kuamua.

#2 Bi Mkalimani

Umeanza vizuri, Mwana wa Goshi. Naongeza upande wa matumizi, kwa sababu kujua asili hakuzuii watu kukosea.

"Taken aback" inaandikwa "aback", neno moja. "I was taken back" ina maana nyingine: nilirudishwa, au kumbukumbu zilinirudisha zamani. Herufi moja tu, na sentensi imeharibika. Pia tazama nani ni mtendaji. Habari ndiyo inayomchukua mtu, kwa hiyo "His answer took me aback" au "I was taken aback by his answer". "I took aback" haipo. Na hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu nasi tunasema kupigwa na butwaa, kushikwa na bumbuwazi. Mtu hupigwa, hushikwa, hajishiki mwenyewe.

"By and large" ina mtego wake kwa wafasiri. Mtu anaona neno la ukubwa, mkono unamwandikia "kwa mapana na marefu". Hapana. Kwa mapana na marefu ni kuchambua jambo kwa kina, kipengele kwa kipengele. "By and large" ni kinyume chake, unafumba jicho kwa vipengele vidogo na kusema picha kubwa. Andika "kwa jumla", na inafaa zaidi pale ambapo kuna dosari umeamua kuzivumilia: "By and large the election was peaceful" ina maana palikuwa na vurugu hapa na pale. Ukitafsiri "uchaguzi ulikuwa wa amani" bila hiyo "kwa jumla", umemlisha msemaji maneno ambayo hakuyasema.

"Leeway" haina shida sana, "nafasi" au "uhuru" vinatosha. Ila "make up leeway" ni kufidia mlikobaki nyuma, si kujipa nafasi. Hapo maana ya bahari bado iko hai.

#3 Swali Moja

Nafuatilia kwa makini. "Three sheets to the wind" je? Ninavyojua ni mtu aliyelewa. Lakini shuka tatu na ulevi wapi na wapi? Au "sheet" hapo ndiyo tanga lenyewe?

#4 Mwana wa Goshi

Hapo ndipo kila mtu anapojikwaa, ndugu Swali. Si shuka, si karatasi, na si tanga. Ni kamba. "Sheet" ya chomboni ndiyo demani yetu, kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga upande ule linakofungukia. Neno hilo linatoka kwenye Kiingereza cha kale, "sceata", lililokuwa jina la pembe ya chini ya tanga, kisha likahamia kwenye kamba iliyofungwa pembeni hapo.

Tazama demani inafanya nini. Tanga limepandishwa kwa henza (kamba ya kupandishia), foromali iko juu, goshi imefungwa mbele. Kinacholifanya tanga lishike upepo ni demani. Ukiivuta tanga linakaza, ukiilegeza linafunguka, ukiiachia kabisa tanga linabaki kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Linapiga, linapepea, halivuti kitu. Kamba yenyewe inachapa huku na huku, na baharia anayejaribu kuidaka anaweza kuvunjwa mkono. Chombo kinapoteza mwendo, na chombo kisicho na mwendo usukani wake hauna kazi, kwa hiyo kinayumba na mawimbi.

Demani moja ikiachia, tatizo. Mbili, shida. Tatu, merikebu inakwenda kama mlevi. Kwa hiyo nambari ni ngazi, na zamani mabaharia walikuwa wakisema demani moja kwa mtu aliyechangamka tu. Tatu ndiyo ikabaki kwa mtu aliyelewa chakari. Wako watakaokuambia asili yake ni kinu cha upepo chenye mbawa nne zilizobaki tatu. Mwulize mtu huyo mbona umbo la zamani linalopatikana katika maandishi, kwa mfano mwaka 1821, ni "in the wind". Demani iko ndani ya upepo, inapepea. "To the wind" imekuja kuzoeleka baadaye.

Kwetu picha hiyo haina ugeni. Mlevi anapepesuka. Mambo yakiharibika yanakwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

#5 KamusiTupu

Naheshimu kazi ya Mwana wa Goshi na hayo matano aliyoyataja yanasimama. Ila niweke breki kabla uzi haujajaa hekaya. Wachunguzi wa maneno wana mzaha wao wa miaka mingi kuhusu kamati ya kubuni yenye kazi ya kuipa kila nahau asili ya baharini. Mzaha huo una sababu. Hadithi ya bahari inanoga, ina kamba, ina dhoruba, ina mjeledi, basi watu huibandika popote.

Namna ya kuipima hadithi ni hii, na haihitaji shahada.

Tafuta kwanza nahau ilionekana lini katika maandishi kwa maana ya mafumbo. Kamusi kubwa ya Oxford inaweka tarehe kwenye kila maana, na maktaba nyingi za vyuo vikuu zina ruhusa ya kuingia. Kisha tafuta kile kitu kinachodaiwa kuwa asili kilitajwa lini. Kwa mambo ya merikebu kuna kamusi ya William Falconer ya 1769 na ile ya Admeri Smyth ya 1867, zote mbili haki zake zimekwisha na zinasomeka bure mtandaoni. Ikiwa fumbo limetangulia kitu, hadithi imekufa.

Mfano safi ni "no room to swing a cat", husemwa chumba kikiwa finyu. Utaambiwa "cat" hapo ni mjeledi wa mikia tisa wa jeshi la majini la Uingereza, na kwamba sitaha ya chini haikuwa na nafasi ya kuuzungusha, hivyo adhabu ilitolewa juu. Nzuri sana. Lakini nahau imeandikwa mwaka 1665, tena mwandishi anaitaja kuwa msemo wa watu wa kawaida, yaani ilikuwa imeshazoeleka. Mjeledi wenyewe kwa jina hilo unaonekana mwaka 1695. Miaka 30 imepungua, na upande mbaya.

Kitu cha pili cha kuangalia ni vifupisho. Ukiambiwa neno la zamani ni herufi za mwanzo za maneno mengine, shuka kwenye basi. Desturi ya kuunda maneno kwa herufi za mwanzo imeenea karne ya 20, kabla ya hapo mifano yake ni ya kuokoteza. "Posh" ndiyo bingwa wa hadithi hizi: eti ni tiketi za meli za India zilizopigwa muhuri wa chumba cha kushoto wakati wa kwenda na kulia wakati wa kurudi, ili tajiri asipate jua. Tiketi ya namna hiyo haijawahi kuonyeshwa hata moja. Na "posh" kama neno la mtaani kwa mtu mtanashati limo kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya 1890.

#6 Fundi Kalafati

KamusiTupu, kabla hujaimaliza bahari yote, niachie "the devil to pay" (matata makubwa yanakuja) na "between the devil and the deep blue sea" (kubanwa kati ya mabaya mawili). Hizi zina uhusiano na kazi ya kalafati na watu wengi hawaielewi kazi yenyewe, ndiyo maana hadithi inapotoshwa.

Chombo cha mbao kina mianya kati ya ubao na ubao. Kwetu fundi anasokota pamba iliyotiwa mafuta, anaisindika mwanyani kwa chuma cha kalafati na nyundo, kidogokidogo, akisikiliza mlio. Mlio ukiwa mzito, pamba haijashiba. Ukiwa wa kukauka, imekaa. Akizidisha nguvu anaufungua mwanya badala ya kuuziba. Kisha chini ya maji kunapakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, na mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Waingereza badala ya pamba walitumia nyuzi za kamba kuukuu zilizochambuliwa, na juu yake lami ya moto. Kitendo cha kupaka lami hiyo kilikuwa na kitenzi chake: "pay". Kinafanana kwa sura na kile cha kulipa lakini si kimoja. Cha kupaka kinatokana na neno la Kilatini la lami, cha kulipa kinatokana na neno la kutuliza au kuridhisha.

Sasa kuna mwanya mmoja mrefu na mgumu, ule unaokaa pembezoni mwa sitaha, unaoitwa "devil". Msemo kamili wa mabaharia ni "the devil to pay and no pitch hot": shetani anahitaji kupakwa na lami haijachemka. Aliye nje ya mwanya huo hana kinachomtenga na bahari, basi yuko kati ya "devil" na maji.

#7 KamusiTupu

Maelezo ya kalafati nayachukua yote, hayana dosari. Tarehe ndizo zinazoniuma, shekhe.

"Betwixt the devil and the deep sea" imeandikwa na Robert Monro mwaka 1637. Yeye alikuwa askari wa nchi kavu, akizungumzia kikosi kilichokuwa kikipigwa risasi kutoka pande mbili. Mwanya ule kuitwa "devil" na kuelezwa kamusini ni Smyth, 1867. Miaka 230 kati yao. Na "the devil to pay" iko kwenye shairi la karibu mwaka 1500 kwa maana ya moja kwa moja: Ibilisi atadai malipo yake. Kinachoelekea kutokea ni kwamba msemo wa Ibilisi ulikuwepo, mabaharia wakaukuta, wakaona "pay" ina maana mbili, wakauongezea lami kwa mzaha. Yaani nahau iliingia baharini. Haikutoka huko.

Kwa "bitter end" (mwisho kabisa, hata uwe mgumu vipi) sina hukumu kali kama hiyo. Mwaka 1627 Kapteni John Smith anaeleza kuwa "bitter" ni mzunguko wa kamba ya nanga kwenye vigingi viitwavyo "bitts", na "bitter's end" ni ile sehemu ya kamba inayobaki ndani ya chombo. Kamba ya nanga ya merikebu kubwa ilifika pima 100 hadi 120 (pima moja ni karibu mita 1.8). Ukiitoa yote ukafika kwenye vigingi, huna kamba tena. Inaingia vizuri. Lakini Mithali 5:4, iliyokuwa masikioni mwa kila Mwingereza tangu tafsiri ya 1611, inasema mwisho wa malaya ni mchungu kama pakanga, na "bitter" ni uchungu. Mito yote miwili imemwaga maji humo.

#8 Fundi Kalafati

1637 kweli inabana. Nakubali kwa "deep sea". Ila hapo kwenye mzaha wa lami ndipo mabaharia walipoupa msemo uhai mpya, usiwanyime hilo.

#9 Swali Moja

Naomba na ile ya nyani wa shaba, "brass monkey", inayosemwa baridi ikiwa kali mno. Kuna andiko linazunguka WhatsApp kwamba ni sinia la shaba la kupangia tufe za chuma za mizinga, baridi ikizidi linasinyaa na vyuma vinaporomoka.

#10 KamusiTupu

Hiyo ipigie hesabu mwenyewe. Shaba nyeupe ya urefu wa mita 1 husinyaa kama milimita 0.019 kwa kila nyuzi 1 ya joto inayopungua. Chuma cha kusubu, kama milimita 0.011. Joto lishuke nyuzi 40, sinia litasinyaa milimita 0.76, tufe za chuma zilizopangwa mita hiyo moja zitasinyaa milimita 0.44. Tofauti ni milimita 0.32 katika mita nzima. Tufe la mzinga wa ratili 32 lina kipenyo cha karibu sentimita 16. Haliwezi kudondoka kwa tofauti ya unene wa kucha.

Tena hakuna nahodha mwenye akili ambaye angepanga piramidi la tufe za chuma kwenye sitaha inayoyumba. Zilikaa kwenye ubao wenye matundu, kila tufe kwenye tundu lake. Na maandishi ya karne ya 19 yana joto kali la kuyeyusha pua ya nyani wa shaba, na baridi ya kuganda mkia au pua yake. Pua na mkia ni vya sanamu la nyani. Sinia halina pua.

#11 Bi Mkalimani

Nirudi kwa wanaofasiri habari, kwa sababu hizi nne zinapita mezani kila wiki.

"Loose cannon". Kwanza picha. Mzinga wa ratili 32 ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 2.5, umekalishwa kwenye kigari cha magurudumu manne, umefungwa ubavuni mwa merikebu kwa kamba nene. Kamba ikikatika wakati wa dhoruba, tani hizo zinakimbia sitahani kila chombo kinapoinama, zinaponda watu na kutoboa mbao kutoka ndani. Victor Hugo alilieleza tukio la aina hiyo katika riwaya yake ya 1874 kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, kurasa kadhaa za mzinga uliofunguka, na inaelekea ukurasa wa Hugo umechangia nahau hii kuliko kisa chochote cha kweli cha baharini. Humo ndani mpiga mzinga aliyezembea kuufunga anaudhibiti kwa ushujaa, anavishwa nishani, halafu anapigwa risasi kwa uzembe wake. Wafaransa hao.

Jambo la kushika ni kwamba mzinga huo unaumiza watu wa chombo chake mwenyewe. Kwa hiyo "loose cannon" wa chama ni mtu asiyetabirika ambaye chama chake ndicho kinachomhofia zaidi. Ukiandika "ndumilakuwili" umemwonea, huyo ni mnafiki wa pande mbili. Ukiandika "mkorofi" umepunguza. "Mtu asiyedhibitika, hatari hata kwa wenzake" ni ndefu lakini ni kweli.

"Slush fund". "Slush" ilikuwa mafuta yaliyoelea juu ya sufuria mpishi wa meli anapochemsha nyama ya chumvi. Mengine yalipaka milingoti, mengine yaliuzwa bandarini, na fedha zikawekwa pembeni kununulia mabaharia vitu vidogovidogo. Kwa maana hiyo limeandikwa mwaka 1839. Baadaye siasa za Marekani zikalichukua kwa fedha zisizoonekana kwenye hesabu. Kwa Kiswahili, "mfuko wa siri" unatosha. Usikimbilie kuandika "fedha za rushwa", maana mfuko unaweza kuwepo kabla hongo haijathibitika, na mwanasheria wa mtu atakupigia simu.

"Show one's true colours". "Colours" ni bendera. Chombo cha vita kiliweza kusogea kikipeperusha bendera ya uongo, lakini desturi ilikitaka kipandishe ya kweli kabla ya kufyatua. Magazeti yanaandika "ameonyesha rangi yake halisi", na sasa wasomaji wamezoea. Kwangu mimi "ameonyesha makucha" inauma zaidi na haijakopwa. Isipokuwa kama aliyejitokeza ni mwema, hapo makucha hayafai.

"Nail one's colours to the mast" ni dada yake. Kushusha bendera kulikuwa ni kusalimu amri. Tarehe 11 Oktoba 1797, kwenye vita vya Camperdown, mlingoti wa merikebu Venerable ulipigwa na bendera ikaanguka, baharia Jack Crawford akapanda na kuipigilia misumari. Bendera ya misumari haishuki. Maana: kutangaza msimamo na kujifungia njia ya kurudi. Mwanasiasa anayesema anaunga mkono hoja "kwa sasa" hajapigilia kitu.

#12 Swali Moja

Ya mwisho kutoka kwangu, "deep-six". Kamusi moja inasema kutupa kitu kisionekane tena, nyingine inasema kaburi la futi sita. Ipi?

#13 Mwana wa Goshi

Maana ni kutupilia mbali. Asili inayoaminika zaidi ni ya bildi (kamba yenye uzito wa kupimia kina cha maji), na nitaeleza kwa sababu kamba ya bildi ya Waingereza ni kitu cha kupendeza.

Risasi ya bildi ya mkono, yaani ule uzito wa madini ya risasi, ilikuwa kati ya kilo 3 na 6, na kamba yake kama pima 20 hadi 25. Kamba ilitiwa alama ambazo baharia angezijua gizani kwa vidole au kwa midomo: pima 2 vipande viwili vya ngozi, pima 3 vipande vitatu, pima 5 kitambaa cheupe cha pamba, pima 7 kitambaa chekundu cha sufu, pima 10 ngozi yenye tundu, pima 13 kitambaa cha buluu kizito, pima 15 tena cheupe, 17 tena chekundu, 20 kamba yenye mafundo mawili. Vitambaa vitatu ni vya nguo tofauti makusudi, kwa sababu usiku rangi haina msaada. Chini ya risasi kulikuwa na tundu la kujaza mafuta ya ng'ombe, yakanasa mchanga, tope au chaza, na nahodha akajua yuko juu ya sakafu gani.

Maji yakigusa alama, mtupa bildi anaita "by the mark" na nambari yake. Pima zisizo na alama, yaani 1, 4, 6, 8, 9 na nyinginezo, anazikadiria na kuita "by the deep". Sita haina alama. Kwa hiyo "by the deep six" ni pima sita za maji, kama mita 11, na kilichotupwa hapo kimekwenda. Nahau ilipata umaarufu mkubwa mwaka 1973, John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Ikulu ya Marekani, alipotoa ushahidi kwenye Seneti ya Marekani katika kashfa ya Watergate kwamba aliambiwa "deep-six" mkoba wa nyaraka, yaani autupe mtoni.

Ukitaka nyingine ya kamba hiyohiyo, "mark twain" ni pima 2, karibu mita 3.7, maji ya kutosha kwa meli za moshi za mto Mississippi. Samuel Clemens akajifanyia jina la uandishi.

#14 KamusiTupu

Hiyo ya bildi naipitisha. Ile ya kaburi ni kishawishi cha nambari tu: ingekuwa kaburi, "deep" ingekaa nyuma ya "six", kama wanavyosema "six feet deep". Mpangilio wa maneno ni wa mtupa bildi.

#15 Fundi Kalafati

Swali, kwenye mtihani ukikuta "three sheets in the wind" na "to the wind", andika "to". Ndiyo inayotumika sasa. Na ukiulizwa "sheet" ni nini, andika demani.